Wapelelezi wanawake kwenye muvi za zamani: mbona kesi wanafumbua wao ila beji hawana?

Ukikaa ukaangalia muvi za upelelezi za zamani za Marekani na Uingereza, kuanzia miaka ya 1930 mpaka 1960 na kitu, utagundua wanawake wanaofumbua mauaji ni wengi kuliko watu wanavyodhani, ila karibu wote kazi yao rasmi ni nyingine kabisa. Huyu mwalimu, huyu ripota wa gazeti, huyu nesi, huyu sekretari, huyu binti wa wakili bado mwanafunzi, huyu bibi wa kijijini na mfuko wake wa kufumia sweta. Mwanamke mwenye beji ya polisi au ofisi yake ya upelelezi ni wa kutafuta kwa tochi. Wanaume ndo wana beji, wana bastola, wana gari lenye king'ora, na bado kwenye muvi hizohizo wao ndo wanamkamata mtu asiye na kosa kabla hata hujamaliza bisi zako.

Maelezo ya haraka unayokutana nayo ni kwamba enzi hizo wanawake walikandamizwa, basi. Ni kweli, ila hayajibu swali. Kama ingekuwa ni hiyo tu wasingekuwepo kabisa kwenye skrini, wakati Warner Bros. walitoa muvi tisa za ripota mmoja wa kike ndani ya miaka mitatu, studio nyingine ya RKO wakatoa sita za mwalimu wa kike, na watu wakaendelea kulipa kiingilio. Kinachotakiwa kuulizwa ni iliruhusiwaje, kwa masharti gani, na nani alikuja kudai malipo. Mi naona ukiangalia vitu viwili, mlango anaoingilia huyu mwanamke na bei anayolipa mwishoni, muvi za aina hii zinafunguka zote.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wengi wanafikiri wanawake wenye beji hawakuonekana kwenye muvi kwasababu hawakuwepo mtaani. Walikuwepo. Mwaka 1856 mjane mmoja kijana, Kate Warne, aliingia ofisi ya Allan Pinkerton, mwenye kampuni binafsi ya upelelezi, pale Chicago akaomba kazi ya upelelezi. Pinkerton mwenyewe alisimulia kwamba alidhani huyu kaja kuomba ukarani, yule dada akamweleza kwamba mwanamke anaweza kufika kwenye siri ambazo mwanaume hafiki, akaajiriwa. Miaka mitano baadae, Februari 1861, alikuwepo kwenye treni ya usiku iliyompitisha Abraham Lincoln Baltimore kimyakimya kwasababu ya tetesi za njama ya kumuua, Lincoln akisafiri kama kaka yake mgonjwa. Na New York, Isabella Goodwin alipewa cheo cha mpelelezi wa polisi mwaka 1912 baada ya kufumbua wizi wa pesa za benki zilizokuwa zinasafirishwa kwa teksi, na alivyofanya ni kwamba aliingia kwenye nyumba ya wapangaji kama mfanya usafi, akawa anadeki huku anasikiliza. Hilo la kudeki huku unasikiliza lishike, tutakutana nalo tena kwa Miss Marple, yule bibi mpelelezi wa riwaya za Agatha Christie.

Kwahiyo Hollywood ya mwaka 1932 ilikuwa nyuma ya Chicago ya mwaka 1856, na wala haikuwa na sababu ya kuwa nyuma. Kilichofungua mlango kidogo ni hela. Uchumi ulipoanguka baada ya 1929, majumba ya sinema ya Marekani yakaanza kuvutia watu kwa kuwapa muvi mbili kwa tiketi moja, ya kwanza kubwa yenye mastaa, ya pili fupi ya saa moja hivi, ya bajeti ndogo, iliyopigwa haraka kwenye seti zilezile ambazo zimeshatumika kwenye muvi nyingine. Hizi za pili waliziita muvi za B. Zilitakiwa nyingi, tena kila wiki, na njia rahisi ya kuzipata nyingi ni kuchukua mhusika mmoja anayependwa ukamrudisha na mauaji mapya. Wakubwa wa studio macho yao yalikuwa kwenye zile kubwa, kwahiyo huku chini waandishi na waigizaji wakapata nafasi ya kujaribu vitu ambavyo kwenye muvi kubwa vingeleta kikao.

Na hadithi zilikuwepo tele, kwasababu wanawake walikuwa wanaandika riwaya za mauaji na zinauzika sana. Mary Roberts Rinehart na Mignon Eberhart wote walikuwa na manesi wapelelezi. Fikiria nesi wa kukaa na mgonjwa nyumbani: anaruhusiwa kuingia chumba chochote saa nane usiku, anajua nani anakunywa dawa gani, na ndugu wa mgonjwa wanagombana kuhusu urithi mbele yake kana kwamba hayupo. Joan Blondell alicheza mmoja wao kwenye Miss Pinkerton ya 1932, Aline MacMahon akacheza mwingine kwenye While the Patient Slept ya 1935. Muvi zenyewe ni za kawaida tu, sitakaa sana hapo, ila nesi anakuonyesha mlango unavyofanya kazi. Mwanamke anapewa ruhusa ya kuwa mahali pa tukio na kazi ambayo haihusiani na polisi, halafu ujuzi wa kazi hiyohiyo ndo unamfanya aone kitu ambacho inspekta hakuona.

Mfano mtamu kuliko wote kwangu ni Miss Hildegarde Withers. Riwaya ni za Stuart Palmer, na kwenye muvi tatu za mwanzo anayecheza ni Edna May Oliver, mwanamama mrefu, uso wa farasi, sauti inayoweza kukunyoosha mgongo ukiwa umekaa kwenye kochi lako. The Penguin Pool Murder ya 1932 inaanzia kwenye jumba la kutazamia samaki la New York, Miss Withers kapeleka wanafunzi wake, na mwili wa mtu unaangukia kwenye bwawa la pengwini. Kabla ya hapo ameshamwangusha mwizi kwa mwamvuli wake. Kuna pini yake ya kofia iliyopotea, ile ndefu ya chuma ya kushikilia kofia kwenye nywele, na marehemu alichomwa sikioni na kitu chembamba. Angalia hapo: silaha ya mauaji ni kitu ambacho wanawake wa umri wake wanakishika kila asubuhi, na kwenye jumba lile lililojaa maaskari wa kiume anayejua kinavyofanya kazi ni yeye. Inspekta Oscar Piper, kachezwa na James Gleason kwenye muvi zote sita, anajaribu kumfukuza, na yeye anamjibu kwa namna ya mwalimu kwamba angempata akiwa bado mdogo pengine angemfanya awe mtu wa maana. Uhusiano wao ndo unabeba muvi nzima. Hawa ni watu wazima wawili, hakuna mrembo wala mtanashati, wanabishana kuhusu ushahidi kama wenzi wa kazi, na kila mmoja anajua mwenzake ana akili.

Murder on the Blackboard ya 1934 inaenda mbali zaidi, mauaji yanatokea shuleni kwake mwenyewe, mwalimu wa muziki ndo kauawa, na ishara imeachwa kwa noti za muziki ubaoni. Piper anaona ubao umechorwachorwa. Mwalimu anasoma. Yaani muvi nzima imejengwa ili ujuzi wa darasani, ambao dunia ya wanaume inauona ni wa kufundishia watoto tu, uwe ndo ushahidi wenyewe. Edna May Oliver aliondoka RKO baada ya ya tatu, Murder on a Honeymoon ya 1935, wakamweka Helen Broderick kwenye moja na ZaSu Pitts kwenye mbili, na hapo mambo yakaporomoka, kwasababu Miss Withers akageuzwa kuwa wa kuchekesha kwa kubabaika wakati mwanzoni alichekesha kwa kuwa sahihi. Ukitaka kujua tofauti kati ya kumheshimu mhusika na kumtumia, angalia ya kwanza na ya sita siku moja.

Sasa njoo kwa Torchy Blane. Hadithi za asili ni za Frederick Nebel, zilikuwa zinatoka kwenye jarida la Black Mask, na humo ndani askari MacBride ana rafiki ripota anaitwa Kennedy, mwanaume, mlevi. Warner Bros. waliponunua hadithi wakamtoa Kennedy wakamweka mwanamke. Glenda Farrell alicheza muvi saba kati ya tisa, kuanzia Smart Blonde ya 1937, na mwenyewe alieleza baadae kwamba kabla ya kuanza aliamua Torchy awe binadamu wa kweli, asiwe kikatuni, kwahiyo aliwatafuta maripota wanawake akawaangalia wanavyofanya kazi. Inaonekana. Kwenye Smart Blonde anaanza kwa kurukia treni inayotembea ili amhoji abiria mmoja, treni ikifika mjini yule abiria anapigwa risasi, na kuanzia hapo Torchy yuko mbele ya kila mtu. Anaongea kwa kasi ya ajabu, anakula nyama kama mtu aliyefanya kazi kutwa, anaingia kwa mlango wa mbele ukifungwa anaingia kwa dirisha. Mchumba wake Steve McBride, kachezwa na Barton MacLane, ndo mwenye beji, na kila muvi anamwambia hapa sio mahali pa mwanamke, na kila muvi anakamata mtu asiyehusika mpaka Torchy amletee anayehusika. Jerry Siegel, mmoja wa waliomuumba Superman, alikuja kusema wazi kwamba Lois Lane alitokana na Torchy, na lile jina la Lane alilitoa kwa Lola Lane, mwigizaji aliyemcheza Torchy kwenye muvi moja mwaka 1938. Kwahiyo ukimuona Lois Lane popote leo, unamuona Glenda Farrell pia.

Mlango wa Torchy ni kitambulisho cha uandishi wa habari. Kwa wakati ule uripota ulikuwa kati ya kazi chache ambazo mwanamke angeweza kuonekana kituo cha polisi, mochwari, klabu ya usiku na ofisi ya meya siku moja, na mtazamaji asishangae. Ndo maana maripota wa kike walijaa kwenye muvi za miaka ile.

Nancy Drew anapitia mlango wa baba. Vitabu vilianza 1930, Warner Bros. wakatoa muvi nne mwaka 1938 na 1939, Bonita Granville ndo Nancy, baba yake Carson Drew ni wakili kwahiyo kesi zinakuja mezani nyumbani. Mashabiki wa vitabu wanalalamika, na wako sahihi, kwamba Nancy wa kitabuni ni mtulivu na anajiamini, wa kwenye muvi wamemfanya mtoto wa kukurupuka. Ila kuna kitu muvi zilifanya ambacho nakipenda: yule kijana rafiki yake, Ted, ndo anayeburuzwa, ndo anayevalishwa gauni la nesi ili waingie mahali, ndo anayelalamika, na Nancy ndo anayeendesha gari. Na kwa wanaotaka kumuona mwenye leseni, mwaka 1939 Jane Wyman alicheza mpelelezi wa kampuni binafsi kwenye muvi iliyoitwa Private Detective. Haikuwa na mwendelezo.

Sasa tuje kwenye bei, na hapa ndo kuna fundo lenyewe.

Kawaida ya muvi hizi ni kwamba mwanamke akishafumbua kesi lazima arudishwe mahali pake, na mahali pake ni ndoa. The Penguin Pool Murder inaisha Piper akimchumbia Miss Withers na yeye anakubali. Torchy na Steve ni wachumba muvi baada ya muvi. Na kuanzia Julai 1934, Joseph Breen alipoanza kukaza kanuni za maadili za Hollywood, ambazo zilidai mhalifu alipe na ndoa iheshimiwe, mwisho wa namna hii ukawa ndo njia salama kwa kila mtu. Ila angalia kinachotokea. Muvi ya pili ya Miss Withers inaanza, yule bibi bado ni Miss Withers, bado mwalimu, bado anagombana na Piper, ule uchumba hautajwi kana kwamba haukuwahi kutokea. The Adventurous Blonde ya 1937 inaanza Torchy na Steve wako karibu kabisa kufunga ndoa, maripota wenzake wakatengeneza mauaji ya uongo ili kuivuruga, mauaji yakageuka ya kweli, harusi ikaahirishwa, na ikaendelea kuahirishwa mpaka muvi za Torchy zikaisha. Kwanini? Kwasababu Torchy akiolewa muvi zinaisha, na zikiisha hela inaisha. Yaani studio ileile iliyotakiwa kumrudisha jikoni ndo iliyokuwa na sababu ya kibiashara ya kutomrudisha. Deni la ndoa liliandikwa kila baada ya saa moja ya muvi na halikulipwa, na huyu dada akaishi ndani ya hiyo nafasi ya deni lisilolipwa kwa miaka mitatu, huru.

Ushahidi mzuri wa hili ni Torchy Runs for Mayor ya 1939. Torchy kafichua ufisadi wa mji, kagombea umeya, kashinda. Meya mwanamke, 1939, kwenye muvi ya B. Halafu anapewa mtoto mchanga ashike, moyo unamlainika, na umeya anauacha. Inauma kuiangalia, sitaficha. Lakini ilikuwa ndo muvi ya mwisho ya Glenda Farrell kama Torchy, na ukijua hilo unaelewa kwanini deni lilidaiwa pale na sio kabla.

Ndo maana naona wanaosema miaka ya 1940 ilikuwa bora kwa wapelelezi wa kike, kwasababu muvi zilikuwa kubwa na nzuri zaidi, wameona nusu tu ya jambo. Muvi zilikuwa nzuri zaidi, ndio. Ila zilikuwa za mara moja, bila mwendelezo, na ya mara moja inadai deni lake lote kabla taa hazijawashwa.

Chukua zile muvi za giza na mvua ambazo Wafaransa walizipa jina la noir. Hapa mlango ni mwingine, ni mapenzi. Mwanaume asiye na hatia kafungwa, anakaribia kunyongwa au kiti cha umeme, na mwanamke anayempenda ndo pekee anayemwamini. Stranger on the Third Floor ya 1940 ni ya mapema kabisa, Jane anazunguka mitaa akimtafuta mtu mwenye skafu nyeupe ili amuokoe mchumba wake. Halafu inakuja Phantom Lady ya 1944, na hii naomba tukae nayo kidogo.

Injinia Scott Henderson anatuhumiwa kumnyonga mkewe. Usiku wa mauaji alikuwa na mwanamke asiyemjua jina, aliyevaa kofia ya ajabu, walienda kuangalia shoo, na sasa baamedi wa kiume wa pale baa, dereva teksi na kila mtu anasema hakukuwa na mwanamke. Anahukumiwa kifo. Sekretari wake, Carol, Ella Raines huyo, anaanza kazi. Anakaa kwenye kaunta ya ile baa usiku baada ya usiku, hanywi kitu cha maana, haongei, anamkodolea macho tu yule muuza pombe mpaka jamaa anavurugikiwa, halafu anamfuata kwa miguu barabara za usiku zilizolowa maji, viatu vyake vinasikika, mpaka kwenye jukwaa la treni ambako hakuna mtu zaidi yao wawili. Mimi hiyo sehemu naiona ni moja ya vitu vikubwa kabisa kwenye muvi za upelelezi, kwasababu kwa mara moja ni mwanaume anayeogopa hatua za mwanamke nyuma yake usiku. Baadae Carol anajibadilisha, anavaa soksi nyeusi na gauni la kubana, anatafuna bigjii, anajifanya msichana wa starehe ili ampate mpiga ngoma anayejua kitu, na Elisha Cook Jr. anazipiga zile dramu kwa ukichaa ambao sijui ulipitaje kwa Breen.

Mwongozaji alikuwa Robert Siodmak, lakini jina la kukumbuka ni la prodyuza, Joan Harrison. Huyu Mwingereza alianza kama sekretari wa mwongozaji Alfred Hitchcock mwaka 1933, akawa mwandishi wake, jina lake liko kwenye script ya Rebecca, halafu akasimama mwenyewe, na Phantom Lady ndo muvi yake ya kwanza kama prodyuza, wakati wanawake wenye kazi hiyo Hollywood walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Sekretari wa zamani anatengeneza muvi ambayo sekretari ndo mwenye akili kuliko wote. Sidhani kama ni bahati.

Na bado, mwisho. Carol kamkomboa bosi wake, muuaji kajulikana, na bosi anamwachia ujumbe kwenye mashine ya kurekodia barua ofisini: leo utakula na mimi, na kesho, na kila usiku, halafu mashine inakwama hapo inarudia kila usiku, kila usiku, Carol anatabasamu. Wakati wa vita, wanaume wengi wako mbali, wanawake wako viwandani na maofisini, muvi ilimuacha azunguke mji mzima peke yake, lakini kazi yote ile malipo yake ni kualikwa chakula cha jioni maisha yake yote. Black Angel ya 1946 inafanana: June Vincent anaingia kwenye klabu ya usiku kama mwimbaji ili amuokoe mumewe aliyehukumiwa kwa kumuua mwanamke aliyekuwa anamsaliti naye, anafanikiwa, na anarudi kwa mume huyohuyo.

Zote mbili zinatokana na hadithi za mwandishi Cornell Woolrich, na ya tatu inayotokana naye ni Rear Window ya Hitchcock ya 1954. Kwenye hadithi fupi aliyoandika Woolrich hakuna mpenzi wa kike kabisa, msaidizi wa yule mgonjwa wa dirishani ni mtumishi wa kiume. Muvi ikaongeza Lisa, Grace Kelly, na nesi Stella, Thelma Ritter, na bila hao wawili kesi haiendi popote. Jeff, mpiga picha aliyevunjika mguu na anayehisi jirani wa ng'ambo kamuua mkewe, ana darubini na lenzi ndefu, anaona kila kitu ng'ambo na haelewi nusu yake. Lisa ndo anayesema mwanamke hasafiri akaacha mkoba wake anaoupenda, haachi vito vyake, na pete ya ndoa haachi kabisa. Rafiki yao mpelelezi wa polisi anayaita hayo hisia za kike na anayatupilia mbali. Basi Lisa anapanda mwenyewe mpaka nyumbani kwa muuaji, anaikuta pete, anaivaa, na anamuonyesha Jeff kwa kidole huku mikono iko nyuma ya mgongo. Ushahidi na ndoto yake ya kuolewa viko kwenye kidole kimoja, na muuaji anaona.

Hitchcock alishaitumia pete namna hiyo kabla. Shadow of a Doubt ya 1943, mji mdogo wa Santa Rosa, California, binti anaitwa Charlie, Teresa Wright, anampenda sana mjomba wake mwenye jina kama lake. Mjomba anamzawadia pete ya zumaridi, ndani ina herufi za watu asiowajua. Mjomba anachana ukurasa wa gazeti. Charlie anakimbia usiku mpaka maktaba, imeshafungwa, mkutubi anamfungulia kwa dakika tatu, anasoma habari za wajane matajiri waliouawa, na herufi za marehemu mmoja ni zilezile za kwenye pete. Baadae anashuka ngazi sebuleni watu wamejaa, mkono kwenye kingo, pete kidoleni, na mjomba anaelewa bila neno kusemwa. Yupo askari kijana anayemtaka Charlie, lakini kwenye muvi hii mi naona bei haiko kwake. Bei ni kwamba binti huyu anajua ukweli na mama yake hatakiwi kuujua kamwe, na kwenye mazishi ya mjomba mji mzima unamlilia mtu mwema. Ndo gharama kubwa kuliko zote nilizoorodhesha.

Kilichowaondoa hawa wanawake hakikuwa kuchokwa. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizilazimisha studio kubwa kuachana na majumba ya sinema, mfumo wa muvi za B ukakosa miguu, televisheni ikachukua watazamaji, na upelelezi wa kwenye televisheni ya mwanzo ukawa wa wanaume wenye beji na kofia. Mwendelezo ulipokufa, ile nafasi ya deni lisilolipwa ikafa nao.

Ikafufuka Uingereza. Margaret Rutherford alikuwa karibu miaka 70 alipocheza Miss Marple kwenye Murder She Said ya 1961, na zikafuata tatu, ya mwisho 1964, zote zimeongozwa na George Pollock, mume wake wa kweli Stringer Davis akiwa msaidizi wake mwoga. Kwenye ya kwanza Marple anaona mwanamke ananyongwa kwenye treni inayopita sambamba na yake, polisi hawapati mwili, wanamwona ni bibi aliyesoma riwaya nyingi. Anafanya nini? Anaomba kazi ya ndani kwenye jumba la kina Ackenthorpe. Isabella Goodwin mtupu. Kwenye kitabu anayeona mauaji ni rafiki yake na anayeenda kufanya kazi ni dada mwingine kijana, muvi ikampa Marple vyote. Agatha Christie hakuzipenda hizi muvi, na ana haki, maana mbili zilitengenezwa kutoka kesi za Poirot, mpelelezi wake mwingine, na moja haikutoka kwenye kitabu chake chochote. Lakini mwigizaji mwenyewe Christie alimheshimu, riwaya yake ya 1962 ameiandikia wakfu kwa Rutherford. Wanaotaka Marple wa kitabuni wana Joan Hickson wa BBC kuanzia 1984, na ukiangalia vizuri Murder She Said utamuona humohumo, kacheza mfanyakazi wa nyumbani.

Ninachompendea Rutherford ni mwisho wake. Mwenye jumba, mkorofi yule, anamchumbia. Anakataa. Murder at the Gallop ya 1963, Robert Morley naye anamchumbia, anakataa tena na anaenda zake. Miaka 30 baada ya Miss Withers kuambiwa akubali, mwanamke asiye kijana, asiye mwembamba, anaulizwa swali lilelile na anajibu hapana kwa furaha, kwa sauti, na hakuna anayemwadhibu.

Kuna mlango mmoja ambao muvi zote hizi ziliufunga kabisa. Wanawake weusi humo ni wapishi na wafanyakazi wa ndani, wanafungua mlango, wanapiga kelele wakiona maiti, wanatoka. Yaani mtu aliyekuwa na nafasi ya kusikia kila kitu nyumbani, kwa mantiki ya muvi zenyewe mpelelezi kamili, hakupewa hata kesi moja kwenye muvi hizi. Baadae sana unakutana na Precious Ramotswe wa Gaborone, Jill Scott kwenye ile tamthilia ya 2008 na 2009 iliyopigwa Botswana kwenyewe, akiwa na kampuni yake mwenyewe ya upelelezi, na fundi magari anayemtaka kwa upole kachezwa na Lucian Msamati, mwenye wazazi Watanzania.

Kwa anayetaka kuanza, anza na The Penguin Pool Murder halafu Smart Blonde, zote mbili hazifiki saa moja na nusu kila moja. Phantom Lady iangalie usiku, taa umezima. Shadow of a Doubt iache ya mwisho na uangalie mkono wa Teresa Wright kwenye zile ngazi.